Brasso ndani ya mtutu wa bunduki: kusafisha au kula chuma?

Miongoni mwa wamiliki wa bunduki mkoani Tabora, hasa wanaowinda kwa kibali katika miombo ya Sikonge na Kaliua, imezoeleka kulowesha kitambaa kwa dawa ya kung'arishia metali, hasa Brasso, kukifunga kwenye fimbo ya kusafishia na kusugua ndani ya mtutu mpaka ung'ae. Wapo wanaoamini kuwa ndivyo bunduki inavyotunzwa, na wapo wanaosema ndivyo inavyouawa polepole. Pande zote mbili zina hoja, ila kwa maoni yangu hazina uzito sawa.

Tuanze na watetezi, kwa kuwa mara nyingi hubezwa kabla ya kusikilizwa. Risasi nyingi za kuwindia zimevikwa gamba la shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki kidogo, na kila inayopita huacha utando wa shaba hiyo juu ya masizi ya baruti. Bunduki ikitumika sana bila kusafishwa, tabaka hizo hupandana, masizi hukauka na kuwa magumu, na shabaha huanza kuyumba. Kitambaa chenye mafuta peke yake hakiling'oi tabaka hilo. Brasso ina amonia, ambayo hushambulia shaba, na chembechembe laini za silika, ambazo hukwangua. Tena hupatikana kwa urahisi, ilhali dawa iliyotengenezwa mahususi kwa kuyeyusha shaba mtutuni mara nyingi ni ya kuagiza mbali. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji wa mitutu huisugua kwa unga wa kukwangua kabla ya kuiuza, na walenga shabaha wa Marekani wamekuwa wakitumia dawa nzito za kukwangua za aina hiyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kusema kwamba kila kinachokwangua ni sumu ya bunduki ni kutia chumvi.

Hata hivyo, vipimo vyenyewe haviruhusu uzembe. Ndani ya mtutu huchongwa mifereji inayozunguka, na chuma kinachobaki kati yake ndicho matuta. Katika bunduki ya .30-06, ambayo ni kipimo cha risasi ya kuwindia, upana wa tundu juu ya matuta ni milimita 7.62, na chini ya mifereji ni milimita 7.82. Maana yake ni kwamba mfereji unaoipa risasi mzunguko wake una kina cha milimita 0.1 tu, takriban unene wa karatasi moja ya ofisini. Silika ni ngumu kuliko chuma cha mtutu wa kawaida, na haichagui kati ya uchafu na chuma. Mtengenezaji husugua kwa kipimo na kwa urefu wote wa mtutu. Mkono wa mtu aliyeketi barazani husugua zaidi pale unapogeuzia fimbo, na kingo za matuta ndizo zinazoanza kuviringika.

Kuna jambo jingine ambalo wasafishaji wengi hawalitambui. Dawa ya kukwangua hutoa kitambaa cheusi hata mtutu ukiwa hauna uchafu, kwa sababu weusi huo ni chuma chenyewe kilichosagika. Anayesubiri kitambaa kitoke cheupe ataendelea kusugua bila kufika mwisho, na kila weusi anaouona humpa ari ya kuongeza dawa. Hapo ndipo desturi hii inapokuwa ya hatari, kwa kuwa kipimo chake cha usafi hakimwambii mtu aache.

Watetezi hujibu kwamba joto la baruti, pamoja na shinikizo linalokaribia bar 4,000, huula mtutu kuliko kitambaa chochote. Ni kweli, lakini ulaji huo huanzia mbele ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ukingo wa mdomo wa mtutu, ambao ndio wa mwisho kuigusa risasi, huathirika kidogo tu. Anayeingiza fimbo yenye Brasso kupitia mdomoni anaongeza uharibifu mahali ambapo moto ulikuwa haujafika.

Kwa hali ya hewa ya Tabora, naona hofu imeelekezwa pasipostahili. Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, vumbi likiwa jingi, na kufikia Novemba mvua zimeanza. Bunduki nyingi hapa huharibiwa na kutu ya mtutu uliohifadhiwa bila mafuta, si na utando wa shaba, na mtutu uliosuguliwa ukang'aa kisha ukaachwa mkavu hauna kinga yoyote dhidi ya unyevu. Wenye magobore yaliyosajiliwa hawahitaji hata kuingia katika mjadala huu, kwani masizi ya baruti nyeusi huyeyuka kwa maji ya moto na sabuni.

Nafasi halali ya dawa hii ni finyu: mtutu wa zamani wenye masizi sugu au kutu nyepesi, ambao dawa za kuyeyusha na brashi ya bronzi zimeshindwa kuusafisha. Hapo ni kazi ya fundi bunduki, naye aingize fimbo kutoka nyuma, kwenye chemba, asugue mara chache na kuzingatia palipokwama, kisha aondoe mabaki yote kwa kiyeyushi na kupaka mafuta. Mafuta hayo yafutwe kabla ya kufyatua, na risasi za kwanza zipigwe kwenye shabaha katika uwanja unaoruhusiwa. Zikitawanyika vilevile kama mwanzo, tatizo halikuwa uchafu, na kuongeza Brasso hakutalirekebisha.