Tarehe ni namba, mengine ni mapambo

Nikikuta programu inayohifadhi tarehe kama maandishi, siku na mwezi na mwaka vikiwa mbalimbali, najua kasoro iko humo kabla sijasoma mstari wa pili. Ndani ya kompyuta tarehe iwe namba moja tu: idadi ya siku tangu siku fulani ya kuanzia. Hayo mengine ni ya kumwonyesha binadamu.

Lugha ya programu inayofundisha hili vizuri, kwa maoni yangu, ni BASIC, kongwe ilivyo. Programu yake ya kwanza iliendeshwa Chuo cha Dartmouth, Marekani, tarehe 1 Mei 1964, siku tano baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Siku tano unazihesabu kwa vidole. Je, kutoka Uhuru, 9 Desemba 1961, hadi Muungano, 26 Aprili 1964? Kwa QBasic, toleo la BASIC la Microsoft, ni mistari minne (d ni siku, m mwezi, y mwaka, jd ndiyo namba tunayoitafuta; alama iliyo mkiani mwa kila jina ni ya ukubwa wa namba, na \ hugawanya na kutupa baki):

a& = (14 - m&) \ 12
y2& = y& + 4800 - a&
m2& = m& + 12 * a& - 3
jd& = d& + (153 * m2& + 2) \ 5 + 365 * y2& + y2& \ 4 - y2& \ 100 + y2& \ 400 - 32045

Utamu uko kwenye ile 153. Januari na Februari zinasukumwa mwisho wa mwaka uliotangulia, mwaka unaanza Machi. Kuanzia hapo miezi mitano ni 31, 30, 31, 30, 31, jumla 153. Agosti hadi Desemba mpangilio ni ule ule. Februari mkorofi anabaki mkiani, siku yake ya ziada haimsumbui mtu. Hakuna orodha ya miezi, hakuna IF, yaani sharti la “kama”, hata moja!

Uhuru unatoa 2437643, Muungano 2438512. Toa: siku 869. Ukitaka siku ya juma, andika (jd& + 2) MOD 7. MOD hutoa baki la kugawanya: baki 0 ni Jumamosi, 1 Jumapili, hadi 6 Ijumaa, yaani juma letu lenyewe. Uhuru ulikuwa Jumamosi, Muungano Jumapili. (Usibadilishe & kuwa %. Namba za % zinaishia 32767, utaambiwa Overflow na programu itasimama.)

Wapo wanaosema kazi bure, zana tayari zipo. Zipo, nami nazitumia. Ila ambaye hajawahi kuiandika hesabu hii hajui zana hizo zimemwamulia nini. DATE$ ya QBasic, inayotoa tarehe ya leo, hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03-04 ni Machi 4, wakati msomaji wa huku ataona Aprili 3. DateAdd ya Visual Basic, lugha iliyotokana na BASIC, ukiipa 31 Januari uongeze mwezi, inakupa siku ya mwisho ya Februari; ongeza mwezi tena juu ya jibu hilo, unapata 28 au 29 Machi. Mwambie hayo mwenye nyumba anayedai kodi kila mwisho wa mwezi.

Kubwa kuliko yote ni Excel. Inaitambua 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo, kwa kuwa 1900 inagawanyika kwa 100 lakini si kwa 400. Kosa hilo ililirithi makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili mafaili yaelewane. Visual Basic haikulikubali. Yenyewe sifuri yake ni 30 Desemba 1899, na namba zao zinalingana kuanzia 1 Machi 1900 tu. Jaribu 15 Februari 1900 humo humo ndani ya Excel: seli itasema 46, makro, yaani programu ya Visual Basic iliyomo humo, itasema 47.