Dawa ya deni ni kulipa, sawa, ila tusimamishe riba kwanza

Kuna watu ukiwaambia una deni wanakujibu palepale, dawa ya deni ni kulipa. Sibishi, mwenye pesa yake ana haki ya kurudishiwa, lakini dawa hiyohiyo ukimnywesha mtu ambae mshahara unaisha kabla mwezi haujafika katikati, anaenda kukopa kwingine ili aimeze, na hapo ndo ugonjwa wenyewe unaanza. Hata ile ya kukopa harusi kulipa matanga siikubali sana. Mtu wa kipato cha chini anakopa mtoto ana homa, kodi imechelewa, vibarua vimekata wiki mbili. Kwake kukopa kwenyewe ni matanga tayari.

Nilikaa na mama yangu mdogo usiku mmoja tukaandika madeni yake yote nyuma ya daftari la shule la mwanae. Alijua ni manne. Yakafika saba, matatu ya kwenye simu, la kikundi, lile la kausha damu (mkopo wa mtaani wenye riba kali), kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Tukiwa tunaandika simu iliita mara mbili na mara zote mbili aliigeuza kifudifudi bila hata kuangalia ni nani, mkono ulishazoea.

Kilichonishtua sio jumla, ni mpangilio. Alikuwa anaanza kuwalipa wanaompigia simu sana, kodi kaisukuma mwisho kwa sababu mwenye nyumba ni mpole, wakati huyo mpole ndo pekee anaeweza kumtoa nje na watoto. Na sio kwamba hajui kupanga, yule mama anapanga kuliko mimi, ila ukipigiwa simu mara kumi kwa siku unalipa ili kelele ziishe, basi.

Halafu hesabu. Chukua mia moja ya pesa yoyote ile, riba asilimia 15 kwa mwezi, inasikika ndogo kabisa. Rejesho likushinde, uwe unaukopa upya mkopo huohuo kila mwezi na riba yake juu, mwaka ukiisha unadaiwa zaidi ya 530 na wala hujaongeza hata senti ya matumizi. Semina ya bajeti itafukuzana na hiyo vipi? Ndo maana nakasirika nikisikia maskini wanahitaji elimu ya fedha tu, elimu ni nzuri sikatai, lakini unamfundisha mtu kuogelea huku umemkalia mgongoni.

Sehemu nyingine wameshaona hili. Uingereza tangu Januari 2015 mikopo midogo ya mda mfupi yenye riba kubwa ina kikomo, riba na faini zote zikijumlishwa haziruhusiwi kuzidi kile ulichokopa, yani ukikopa mia, hata uchelewe vipi hutadaiwa zaidi ya mia mbili. Halafu Mei 2021 England na Wales wakaongeza kitu ambacho mi nakipenda zaidi, mtu aliezidiwa akipitia kwa mshauri wa madeni anaweza kupewa siku 60 za kupumua, riba na faini kwenye madeni mengi zinasimama na wanaomdai hawaruhusiwi kumkimbiza. Deni halifutwi, saa tu ndo inasimamishwa.

Na kuna utafiti wa Singapore wa 2019 ambao nautajia kila mtu. Walifuatilia watu 196 wa kipato kidogo ambao shirika la hisani liliwalipia madeni, wakawapima kabla na baada, wasiwasi ukapungua na akili zikafanya kazi vizuri zaidi. Ila angalia hapa, wawili wakilipiwa kiasi kilekile, aliefungiwa madeni mengi zaidi ndo alipata nafuu zaidi. Kila deni linakaa kichwani na tarehe yake, na sauti ya anaedai, na uongo uliompa juzi.

Kwa hiyo mi ningeanza hivi, riba isimame, videni vidogo vifungwe kimoja kimoja mpaka viishe, ushauri ufuate baada ya hapo mtu akiwa na kichwa cha kuusikiliza. Na ile tabia ya mkopeshaji kupigia ndugu, bosi na watu wa kanisani waliokuwa kwenye simu ya mkopaji ipigwe marufuku kabisa kabisa, maana ukimwaibisha mtu mbele ya bosi wake umemkata kwenye kile kile ambacho angekulipia.

Mama mdogo tulianza na mwenye nyumba, akakubali kulipwa nusu nusu. Wa kikundi wakamuongezea mda. Halafu vile vya kwenye simu, kidogo kwanza. Siku alipofunga cha tatu alinipigia jioni, nikashtuka nikajua kuna shida, kumbe alitaka kunisomea daftari. Yamebaki manne, akaniambia, yale yale manne niliyokuwa nayajua.