Umemuuzia Mtoto Rafiki, Usimzime

Desemba 2024 niliziona zile video za wazazi wa Marekani wakiwaeleza watoto wao kwamba roboti wao, Moxie, hatazungumza tena. Mtoto analia kwa kwikwi, mzazi anahangaika kutafuta maneno. Hasira iliyonipata siku ile haijaniisha.

Moxie ilitengenezwa na kampuni ya Embodied ya California kwa watoto wa miaka 5 hadi 10, na iliuzwa dola 799. Kazi yake ilikuwa kumzoesha mtoto kuongea, kutaja anachohisi na kumtazama mwenzake usoni. Wapo wazazi wa watoto wenye usonji walioinunua kwa tumaini hilo. Kisha fedha za wawekezaji zikakosekana, ikatangazwa kuwa seva, yaani kompyuta za mbali za kampuni zinazoiwezesha kuzungumza, zinazimwa na pesa hazirudishwi. Wazazi wakaandaliwa barua ya kumsomea mtoto.

Barua! Mtoto wa miaka sita amefundishwa kumwamini rafiki huyu kwa siri zake, halafu unamtumia barua.

Kampuni hufilisika, hilo nalikubali ingawa kwa shingo upande. Nisilolikubali ni uamuzi uliofanywa mapema zaidi, wakati Moxie ikibuniwa, kwamba akili yake ikae kwenye mitambo ya mbali na si ndani ya mwili wake. Hapo ndipo kifo chake kilipofungamanishwa na akaunti ya benki ya watu wengine.

Tazameni AIBO, mbwa roboti wa kampuni ya Sony. Alipotoka mwaka 1999, mbwa 3,000 wa soko la Japani walimalizika ndani ya dakika 20. Sony iliacha kuwatengeneza mwaka 2006, na mwaka 2014 ikafunga huduma ya matengenezo. Mbwa hawakuzimika siku hiyo, kwa kuwa programu yao walikuwa nayo wenyewe. Mafundi waliowahi kufanya kazi Sony waliendelea kuwatengeneza kwa vipuri vya wale walioharibika kabisa, na kabla ya kuwafungua hao ili kutoa vipuri, hekalu la Kofukuji mjini Isumi liliwafanyia ibada ya kuwaaga. Wapo wanaowacheka Wajapani waliowaaga mbwa wao hivyo. Mimi nawaheshimu. Waliishi na kitu kilichowachangamkia kila siku, wakapata nafasi ya kukiaga kwa wakati wao. Watoto wa Moxie walinyimwa nafasi hiyo.

Wala msiniambie ni kifaa tu. Macho yale, sauti ile, namna kichwa kinavyoinama mtoto anapoongea, vyote vimebuniwa ili apendwe. Jibo, roboti ya nyumbani ya Cynthia Breazeal wa chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 2019 iliwatangazia wamiliki wake kwamba seva zake zinafungwa, ikawashukuru kwa kukaa nayo, kisha ikacheza dansi. Onyo lilikuwepo miaka mitano kabla.

 

Baadaye Embodied ilitoa OpenMoxie, programu inayomwezesha mzazi kuiendesha roboti kwa kompyuta ya nyumbani. Nawashukuru, japo inamfaa mzazi anayejua kuzichezea kompyuta. Lakini kama jambo hilo liliwezekana dakika za mwisho, liliwezekana tangu mwanzo, na ndiyo sheria ninayoidai: roboti yoyote iliyoundwa ili mtoto aipende isiingie dukani kabla programu ya kuiendesha nyumbani, bila kampuni, haijawa tayari mkononi mwa mnunuzi.