Nimerudi kurusha ndege za rimoti, na nimeanza na ile ya mwanafunzi

Miaka 17 sijashika rimoti ya ndege. Ya mwisho ilikuwa ya mjomba, ya mbao ya balsa, na injini yake ndogo ya methanoli ilikuachia harufu ya mafuta ya mbarika mikononi hadi jioni. Mwezi uliopita nilinunua nyingine. Rafiki zangu hapa Nakuru wakaniuliza: mbona umechukua ya wanaojifunza, na wewe ulikuwa ukirusha?

Kwa sababu anayerudi ni mwanafunzi. Ndivyo ninavyoamini.

Vifaa havinisumbui. Zamani wawili wakiwasha rimoti za masafa yaleyale ya redio, kuna ndege itakayoanguka. Siku hizi rimoti za gigahezi 2.4 zinapishana zenyewe. Mota ya umeme imechukua nafasi ya injini, foamu imechukua nafasi ya mbao. Hayo unayazoea kwa wiki moja. Kinachochelewa kurudi ni macho.

Ndege ikienda mbali nawe, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka ikuelekee, mambo yanapinduka. Jumamosi ya kwanza, kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa kule Njoro, ndege ilinijia na bawa la upande wangu wa kulia likaanza kushuka. Nikasukuma kijiti cha rimoti kushoto. Bawa likazidi kulala, na kabla sijavuta pumzi ndege ilikuwa imejikita kwenye mabua.

Mzee mwenye shamba akaja polepole. "Kijana, imekufa?"

"Hapana mzee, ni bawa tu."

Gundi na dakika 20, ikaruka tena. Ingekuwa ile ya kivita niliyokuwa nikiitamani, yenye mabawa mafupi na mwendo wa kasi, ningerudi mjini na mfuko wa vipande. Hii ina bawa juu ya kiwiliwili, ncha zake zimeinuka kidogo, kwa hiyo ukiachilia vijiti inajinyoosha yenyewe. Inakupa muda wa kukumbuka: ndege ikikujia, sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unalitegemeza kwa mkono. Nililirudia hilo kwa sauti, mara nyingi, hadi vidole vikalishika.

Halafu kuna hewa yetu. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Propela inashika kidogo, na ndege lazima iende kasi zaidi ndipo ibaki angani. Ndege nzito ni mateso hapa. Mwenye kuanza huku kwenye Bonde la Ufa atafute nyepesi, yenye bawa pana, na arushe alfajiri kabla upepo haujaamka.

Betri ya lithiamu siichaji nikiwa nimelala. Na kuhusu ruhusa, anzia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, ukae mbali na kiwanja cha ndege cha Lanet.

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, bawa limelala mapajani. Umande ulikuwa bado kwenye mabua. Niliizungusha ndege dakika sita, nikaigeuza, ikanijia uso kwa uso, bawa la upande wangu wa kulia likashuka kidogo. Kidole kikaenda kulia bila kuniuliza.