Mwanasaikolojia anafanya nini kwenye chumba cha mateso?

Machi 2003 Mtanzania mmoja, Suleiman Abdullah Salim, mvuvi na mchuuzi wa hapa na pale kama walivyo wengi wa mwambao wetu, alikamatwa Mogadishu. Mwisho wa safari yake ukawa gereza la siri la CIA, shirika la ujasusi la Marekani, huko Afghanistan. Kwa maelezo ya kesi aliyokuja kufungua baadaye, aliwekwa kwenye giza totoro, muziki unapigwa kwa sauti kubwa usiku na mchana, akamwagiwa maji ya baridi kali, akaninginizwa kwa minyororo. Agosti 2008 wakamwachia, na karatasi mkononi inayosema sio tishio kwa mtu. Miaka mitano hiyo, shtaka hata moja hakuna. Akarudi zake Zanzibar.

Naanza na Suleiman kwa sababu ukigusa ishu ya kama wanasaikolojia wa Marekani wawepo kwenye mahojiano ya wafungwa wa vita dhidi ya ugaidi, wengi wanaona ni ugomvi wa maprofesa wa mbali huko, sisi unatuhusu nini. Sasa waliochora mpango uliompitia huyu ndugu yetu hawakuwa makomandoo. Walikuwa wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen, watu wenye udaktari wa vyuo, na kampuni yao ililipwa na CIA dola milioni 81, imo kwenye ripoti ya Seneti ya Marekani ya Desemba 2014.

Hawa jamaa walitokea kwenye mafunzo ya jeshi yanayoitwa SERE, ambako askari wa Marekani wanaonjeshwa mateso kidogo ili siku wakitekwa wajue kuvumilia. Wao wakayageuza, kile kilichokuwa cha kumkinga askari kikawa cha kumvunja mfungwa. Wakaongezea na utafiti wa zamani wa mwaka 1967 wa Martin Seligman, wa mbwa waliopigwa shoti ya umeme bila pa kukimbilia mpaka wakafika mahali hata njia ikifunguliwa mbwa analala tu hapo hapo, hajaribu tena. (Seligman mwenyewe amesema hakuwahi kufikiria kazi yake itumike hivyo, na mi namwamini, alikuwa anatafuta dawa ya sonona.) Wazo lilikuwa kumfikisha binadamu pale alipofika yule mbwa.

Sasa tuwe wakweli, upande wa pili, wa wanaosema mwanasaikolojia awepo, nao una maneno yake, na sio ya kijinga. Kanali Larry James, mwanasaikolojia wa jeshi aliyefanya kazi kwenye magereza ya Marekani ya Guantánamo (Cuba) na Abu Ghraib (Iraq), hoja yake ni kwamba yeye alienda kule kutengeneza mambo, na ukimtoa mwanasaikolojia chumbani unabaki na kijana wa miaka 22 mwenye hasira, mfungwa, na mlango umefungwa. Mtu aliyesomea tabia ndo atakayeona mapema kwamba muhojaji anaanza kuvuka mpaka. Tena kuna mfano mzuri kabisa, Michael Gelles, mwanasaikolojia mkuu wa wapelelezi wa jeshi la majini la Marekani, alipoona yanayofanyika Guantánamo mwaka 2002 alipiga kelele, na kelele hizo zikafika kwa mwanasheria mkuu wa jeshi hilo Alberto Mora aliyezipeleka juu. Asingekuwa ndani angejuaje? Hili swali wanasaikolojia waliopinga kushiriki hawajawahi kulijibu kirahisi, na anayesema ni rahisi anadanganya.

Ila angalia kitu kimoja ambacho naona watu wanakiruka. Gelles alisaidia kwa kusema hapana. Mfumo wenyewe haukumweka mwanasaikolojia pale aseme hapana, ulimweka aseme ndiyo, na ndiyo yake ilikuwa na kazi maalum.

Tarehe 1 Agosti 2002 wanasheria wa wizara ya sheria ya Marekani waliandikia CIA barua ya kuruhusu zile mbinu. Sheria yao inasema mateso ya akili ni mpaka yalete madhara ya muda mrefu, na mtesaji awe amekusudia hayo madhara. Barua ikasema hivi, kwa lugha nyepesi: kama mmewauliza wataalamu wa saikolojia na wakasema haitaleta madhara ya muda mrefu, basi mmefanya kwa nia njema, na mwenye nia njema hana kosa. Hebu isome tena taratibu. Yani mtaalamu akishaweka neno lake tu, kitendo kile kile, maji yale yale, kinaacha kuwa mateso kisheria. Mwezi huo huo wakaanza kumlaza Abu Zubaydah, mfungwa wa CIA, chali, kitambaa usoni, wanammiminia maji mpaka ahisi anazama, mara 83. Mara themanini na tatu! Na daftari safi, kwa sababu mtaalamu alishaulizwa.

Hapo ndo ninapoona waliopinga wanaeleweka vibaya. Wanachukuliwa kama wanaharakati wenye mioyo laini wanaochukia jeshi, wasiotaka kuchafua mikono. Kumbe hoja yao ilikuwa ngumu kuliko hiyo, walikuwa wanasema breki mnayodhani mmeifunga kwenye hili gari sio breki, ni mhuri. Uwepo wetu hauwapunguzii wafungwa kitu, unawapunguzia wahojaji hatari ya kushtakiwa. Ukishaielewa hivyo, ile hoja ya "bora tuwepo ndani" inageuka kabisa, maana ukizidi kuwa mtu wa heshima na elimu ndo mhuri wako unazidi kuwa na thamani kwao.

Chama chao cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, mwaka 2005 kiliunda kamati ya kuangalia jambo hili. Wajumbe wengi wenye kura walikuwa na uhusiano na jeshi au usalama, wakakaa wikiendi moja, wakatoka na jibu kwamba kushiriki ni sawa na kunaendana na maadili. Wikiendi moja tu! Harusi zetu zina vikao virefu kuliko hiyo. Jean Maria Arrigo alikuwa mjumbe mle, na baadaye akatoka hadharani kueleza jinsi mambo yalivyopikwa. Mwingine, Mike Wessells, alijitoa. Wanasaikolojia wenzao kina Stephen Soldz na Steven Reisner wakaendelea kupambana miaka, wanachama wakagoma kulipa ada, na mwandishi Mary Pipher akarudisha tuzo aliyopewa na chama. Mwaka 2006 madaktari wa magonjwa ya akili na chama cha madaktari Marekani wao walishakataza watu wao kushiriki moja kwa moja kuhoji wafungwa, kwa hiyo wanasaikolojia ndo wakabaki tegemeo la Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani. Na kanuni zao za maadili za 2002 zilikuwa na kifungu cha 1.02 kinachosema maadili yakigongana na sheria au amri halali na ikashindikana kusuluhisha, unaweza kufuata sheria. Kifungu hicho kimekuja kurekebishwa 2010.

Halafu kuna kura ambayo hainitoki kichwani. 2008 wanachama walipiga kura kuwazuia wanasaikolojia kufanya kazi sehemu zinazokiuka sheria za kimataifa. 8,792 wakasema ndiyo, 6,157 wakasema hapana. Watu wanashangilia ile namba ya kwanza, mi macho yangu yako kwa hao elfu sita. Picha za wafungwa wakiteswa Abu Ghraib zilishatoka miaka minne nyuma, na bado kwenye kila wataalamu kumi wa akili za watu waliopiga kura, wanne waliona marufuku haifai. Sidhani walikuwa wakatili. Nadhani wengi walikuwa ni Larry James wadogo wadogo, waliamini kwa dhati kwamba wao binafsi wangekuwa breki. Na pamoja na ushindi huo marufuku ya kweli ilisubiri miaka saba mingine, mpaka ripoti ya David Hoffman, wakili aliyepewa na chama kazi ya kuchunguza, Julai 2015, iliposema viongozi wa chama walishirikiana na watu wa Pentagon kuziweka kanuni ziwe legevu, kwa kutaka kubaki karibu na mwajiri mkubwa. Mwezi uliofuata baraza la chama likapiga kura Toronto kuwakataza wanasaikolojia kushiriki mahojiano hayo, 157 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Larry James, na angalau namheshimu kwa kutogeuka na upepo.

Waliotajwa kwenye ripoti wengine wanaipinga, wameenda mpaka mahakamani, na ni haki yao. Na marufuku yenyewe ina gharama: mwanasaikolojia wa jeshi hawezi kuwatibu mahabusu wa Guantánamo, na 2018 lilipoletwa pendekezo la kulegeza hapo baraza lilikataa. Mfungwa aliyeharibiwa akili na wataalamu hao hao anakosa tiba ya mwanasaikolojia. Hilo linaniuma, ila ukimuuliza huyo mfungwa kama atamfungulia moyo mtu mwenye sare ile, sijui utajibiwa nini.

Suleiman aliwashtaki Mitchell na Jessen mwaka 2015 pamoja na Mohamed Ben Soud wa Libya na familia ya Gul Rahman, aliyekufa kwa baridi kwenye gereza lile lile Novemba 2002 akiwa amefungwa minyororo sakafuni. Agosti 2017, wiki chache kabla kesi haijasikilizwa, wakamalizana nje ya mahakama, kiasi ni siri. Kwenye tamko la pamoja wale wawili wakasema maovu waliyofanyiwa Suleiman na Ben Soud yalifanyika bila wao kujua wala kuridhia, na kwamba hawakujua yale maovu yaliyomuua Gul Rahman. Wakati Jessen mwenyewe alishiriki kumhoji Gul Rahman, siku chache tu kabla hajafa.