Namba ya Mfukoni

Mimi ni mtu wa tuktuk hapa Kisumu, Kondele mpaka Kibuye. Hesabu yangu ni mafuta, askari na hesabu ya mwenye tuktuk, basi. Sasa niambieni, kwa nini ndoa yangu itikiswe na 2147483647?

Mpwa wangu anasomea hisabati Maseno. Analala kwetu, anakula kwetu, na ngege akikaangwa, kichwa ni chake. Juzi akavaa suruali yangu (kuomba hajui, huyo), akairudisha na kikaratasi mfukoni. Mama watoto akakikuta akifua. Tarakimu kumi! Kenya hii, tarakimu kumi mfukoni mwa mume hazihitaji shahidi.

"Baba watoto, huyu ni nani?"

"Simjui."

"Halafu haianzi na sifuri. Kumbe umevuka mpaka!"

Kijana akaitwa. Badala ya kusema "pole anti, ni yangu," akaanza somo. Eti ni namba tasa, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Eti zidisha mbili 31, zenyewe kwa zenyewe, halafu utoe moja. Eti aliyethibitisha ni mzee Euler, mwaka 1772, macho yakiwa karibu yamezima kabisa. Mtu wa kawaida angehangaika na kila namba tasa hadi 46,340. Yeye akang'amua kwamba kigawanyo, kama kipo, lazima ukikigawa kwa 248 kibakishe 1 au 63. Zikabaki namba 372 hivi za kujaribu. Zote zikagoma.

Mama watoto akanigeukia. "Kipofu amepiga hesabu hizo zote. Wewe na macho yako mawili, chenji ya omena inakushinda."

Nikauliza inasaidia nini. Kumbe kompyuta ikihifadhi namba kwa biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, na nafasi moja ikishikilia alama ya chanya au hasi, haiwezi kuhesabu kupita hapo. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu hivyo sekunde tangu 1970 ilipoanza, na zitajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, saa zetu. Sekunde inayofuata, kompyuta ambayo haijarekebishwa itaamini ni Desemba 1901. 1901, jamani! Reli yenyewe ilikuwa ndiyo inafika hapa ziwani.

Mama watoto sasa amekubali namba si ya mtu. Tarehe ndiyo imemkaa kooni: anataka kujua asubuhi hiyo ya Jumanne nitakuwa natoka wapi.

Na kijana, mdomo wake hauna breki, amemsimulia mwenye ploti. Huyo ana kompyuta kuukuu kuliko mabati yetu, na hana mpango wa kuirekebisha. Jana amenisimamisha getini, anauliza kwa upole kabisa: deni langu la kodi, nikihesabiwa kuanzia 1901, nitalipa kwa awamu ngapi?