Injini Haitaki Nyongeza

Nina duka la vifaa vya ujenzi Tabata, na nina tipa moja. Duka lilitangulia. Tipa nililinunua nilipochoka kulipia kokoto za Lugoba kwa bei anayotozwa mtu asiye na gari.

Dukani kwangu nyongeza ni sheria. Mteja akipimiwa kilo mbili za misumari ya inchi nne, mshale wa mizani ukishatulia atasema, "Niongezee basi, dada," nami nitatupia misumari mitano juu. Sipungukiwi kitu, naye atarudi kesho. Tabia hiyohiyo nimeikuta gereji, kwenye kumwaga oili, na huko jamani inaua. Leo naisema vibaya bila kumung'unya maneno.

Mwaka jana tipa lilifikia kilomita za kumwaga oili. Nilikwenda mwenyewe Gerezani nikanunua ndoo mbili za lita 20, daraja lilelile lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na filta mpya. Jina la gereji naliacha. Fundi akafungua nati ya chini, oili chafu ikashuka nyeusi kama lami, akabadilisha filta, akafunga, akamimina ndoo ya kwanza yote, kisha ya pili yote. Nikamuuliza, mbona kitabu kinasema lita 34?

"Dada yangu, oili haizidi. Bora izidi kuliko ipungue."

Alisema kwa upole wa mtu anayekupa zawadi, na mimi, mwenye ndoo, nikaondoka nikimshukuru.

Dereva akaenda Lugoba salama. Wakati wa kurudi na mzigo, kabla hajafika mizani ya Vigwaza, akanipigia: "Mama, gari linatapika." Oili ilikuwa inatoka kwenye bomba la kupumulia la injini, imelowesha chesisi mpaka tairi la mbele, na moshi nyuma umekuwa wa bluu. Taa ya oili kwenye dashibodi haikuwa imewaka, nikamwambia aje polepole. Uamuzi wa kijinga, sasa najua, lakini siku ile niliona taa ndiyo hakimu.

Nikalipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Vingunguti. Hakushika spana. Alisogeza gari hadi sehemu aliyoitaka, akazima, akaagiza chai. Chai ilipoisha akachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili chenye alama ya chini na ya juu, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha mpaka mwisho, akaichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa sentimita mbili hivi. Akafungua nati kidogo, akakinga dumu. Alitoa lita 6.

Hapo ndipo nilipopata darasa ambalo sikulipia, na ambalo wamiliki wengi wa malori hapa Dar hawajalipata. Chini ya injini kuna bakuli refu, sampu, ndimo oili inamokaa. Juu kidogo ya oili hiyo krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara elfu moja na zaidi kwa dakika. Oili ikizidi, krenki inaanza kuipiga kama mwiko unavyopiga mayai. Inatoka povu. Pampu ikivuta povu inavuta hewa, presha inashuka, na beringi zinazotegemea utando mwembamba wa oili zinasagana chuma kwa chuma. Oili inayorushwa inapata moto, inatafuta pa kutokea: kwenye sili za krenki, zile pete za kuzuia uvujaji, na kwenye bomba la kupumulia. Kwenye injini ambazo bomba hilo limerudishwa kwenye njia ya hewa ni hatari zaidi, maana dizeli haichagui. Injini inaweza kuanza kuunguza oili yake yenyewe, ikapanda mzunguko, na ukizima swichi haikusikii.

Kwa hiyo aliyezidisha na aliyepunguza wanakutana kwenye beringi ileile.

Namtetea fundi wa kwanza kidogo. Hesabu ya ndoo mbili hakuiokota barabarani. Kazi yake kubwa ni kufufua injini zilizonoki, na injini iliyofunguliwa yote ikaunganishwa kavu hula oili nyingi kuliko inayomwagwa tu. Ukifungua nati ya chini, oili haitoki yote. Nyingine inabaki kwenye kipozeo cha oili, kwenye vijia vya ndani, kwenye kona ambazo nati haizifikii. Ndiyo maana vitabu vingine vya malori vinatoa hesabu mbili, ya injini kavu na ya kubadilisha oili pamoja na filta. Kosa lake ni kuipa namba ya kichwani mamlaka ya kitabu, kisha asichomoe hata dipstiki kujiridhisha.

Na dipstiki yenyewe ina masharti. La kwanza ni filta. Filta ya lori kubwa inaweza kumeza lita mbili. Ukimimina oili mpya ukapima kabla ya kuwasha, unasoma oili ambayo bado haijaingia kwenye filta, unafurahi, unaondoka, kumbe imepungua. Mzee wa Vingunguti humimina pungufu kidogo ya kitabu, akawasha, akaiacha iungurume dakika chache bila kukanyaga mafuta, akazima, akasubiri, akapima, ndipo akaongeza nusu lita nusu lita mpaka ifike karibu na alama ya juu.

Kusubiri ndiko kunakotushinda. Mkazi wa Dar atakaa kwenye foleni ya Mandela pale Buguruni saa nzima, anakula karanga, halalamiki. Mwambie asubiri dakika kumi na tano oili ishuke kutoka juu ya injini irudi kwenye sampu, atakuona unampotezea siku. Anachomoa dipstiki injini ikiwa imezimwa sasa hivi, anaona iko chini, anaongeza lita tatu. Kesho asubuhi oili iliyokuwa juu imeshuka yote, na zile tatu zipo.

La pili ni usawa wa ardhi, na hapa nilifanya hesabu mwenyewe kwenye karatasi ya risiti. Chukua sampu yenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 30. Kila sentimita moja ya kina ni lita 3. Sasa simamisha gari mahali panapoinama sentimita mbili tu kwa kila mita, kitu ambacho jicho halikioni. Kama dipstiki inaingilia mwisho wa sampu, nusu mita kutoka katikati, inakudanganya sentimita nzima. Lita tatu hizo, bila mtu kuiba. Na gereji zetu za huku bondeni, upande wa Msimbazi, zote zinaelekea mtoni. Mzee anatumia mvua kama pima-maji: alikumbuka ni wapi dimbwi hukaa likasambaa jembamba pande zote, akapawekea alama ya rangi. Gari lolote linapimiwa pale.

Joto nalo limo. Oili ya lita 34 ikitoka kwenye joto la kawaida la Dar mpaka la injini iliyotoka safari inatanuka kwa karibu lita moja na nusu. Watengenezaji wengine wanataka upime ikiwa baridi, wengine ikiwa na moto. Fuata kitabu cha gari lako, usifuate cha jirani.

Halafu kuna jambo la dipstiki za kuazima. Magari yetu mengi yamekuja yametumika, yakabadilishwa injini, na dipstiki ikivunjika mtu anatafutiwa yoyote inayoingia kwenye tundu. Alama zake ni za injini nyingine. Mzee alikataa kuiamini hata yangu. Alimwaga oili yote, akaweka filta nyingine (hapo nilinung'unika, filta ilikuwa na siku tatu), akapima lita 34 kwa jagi lenye mistari, akafuata utaratibu wake wa kuwasha na kusubiri, kisha akaangalia. Yangu ilisema kweli. Jirani yangu mwenye Fuso alipofanyiwa vilevile, alama ya juu ilikuwa imekosea kwa upana wa kidole. Mzee akaikwangua kwa tupa, akachora mpya. Miaka mingapi jirani alikuwa anajaza kwa kipimo cha gari asilolijua?

Najua madereva watasema lori linakula oili njiani, bora litoke limeshiba. Nafasi kati ya alama mbili za dipstiki iliwekwa kwa ajili hiyo hiyo. Anayeogopa njia ndefu abebe galoni ya lita 5 ndani ya kebini. Galoni haipigwi na krenki.

Siku hizi kila asubuhi kabla ya kuwasha, utingo wangu anachomoa dipstiki, anailaza juu ya kitambaa cheupe, ananitumia picha. Alianza kwa aibu, maana wenzake yadini walimcheka kwamba mama anataka picha za oili kama za mjukuu. Wiki iliyopita dereva akanipigia kwa furaha: "Mama, gari limeacha kula oili." Nikafungua picha za siku nne. Kila siku oili ilikuwa imepanda kidogo.

Gari haliwezi kutengeneza oili. Nikamwambia asiwashe kabisa, amwambie dogo ainuse dipstiki. Ilinuka dizeli. Mzee alikuja na pikipiki, akatufungulia, akakuta sili ya pampu ya dizeli imechoka na dizeli inajipenyeza taratibu ndani ya injini, inaifanya oili kuwa nyepesi kama chai ya rangi. Angalau haikuwa maji, alisema, maji yangeigeuza rangi ya maziwa. Sili ikabadilishwa, oili yote ikamwagwa, nikanunua ndoo mbili nyingine na filta, na safari hii nikashika jagi mwenyewe.

Lita 6 zilizobaki nimezifunga vizuri, ziko chini ya kaunta, jirani na misumari.